Lapisi lazuli si yakuti, wala haikutoka Misri

Mhariri,

Nimekuwa sonara kwa miaka 31 na sijawahi kuliandikia gazeti lako, lakini ile taarifa yenu iliyoiita lapisi lazuli, lile jiwe la buluu la mapambo, "yakuti ya Misri yenye chembe za dhahabu" imenishinda kuvumilia. Jiwe hilo si yakuti. Mafundi wa Farao waliletewa kutoka Sar-i Sang, katika milima ya Badakhshan huko Afghanistan, mwendo wa zaidi ya kilomita 3,000, na huko linachimbwa hadi leo. Chembe zinazong'aa ni pairaiti, yaani chuma na salfa.

Wiki iliyopita aliingia dukani kwangu mama mmoja, ukurasa wenu ukiwa umekunjwa mkobani, na pete aliyouziwa kwa bei ya yakuti. Muuzaji alimwonyesha taarifa hiyo kuwa ndiyo ushahidi. Nililipangusa jiwe kwa upande wa nyuma kwa pamba yenye asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, pamba ikatoka buluu kama kaniki mpya inavyochuja kwenye beseni, na chini yake kikabaki kijiwe cheupe kisicho na thamani. Mama yule hakulia. Aliniuliza tu kama ningeweza kumrudishia rangi kabla ya Jumamosi, kwa kuwa pete ilikuwa ya bintiye anayeolewa, na tangu siku hiyo sijapata usingizi mzuri. Hata kwenye kinyago cha Farao Tutankhamun mlichokichapisha, nyusi na wanja wa macho ni lapisi lazuli, lakini ile mistari ya kilemba ni kioo cha buluu, na hamkulisema hilo.

Mmekosea pia kuhusu wachoraji wa Ulaya. Hawakulisaga tu jiwe hilo ili kupata rangi: unga wake ulichanganywa na nta na utomvu, kisha ukakandwa ndani ya maji ya majivu mpaka buluu safi itoke. Kazi hiyo ilififia baada ya 1828, Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipopewa tuzo ya faranga 6,000 kwa kuitengeneza rangi hiyo kiwandani. Ndiyo buluu ambayo mama zetu walisuuzia kanzu nyeupe.

Napendekeza kila duka la vito liweke pamba na kichupa cha asetoni kaunta, mnunuzi apanguse mwenyewe kabla ya kulipa. Nanyi lichapeni jina la Badakhshan katika ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule mlioutumia kuandika Misri.

Sonara,
Tanga