Kwa mpwa wangu aliyenitumia picha ya ubao

Mpwa wangu,

Picha uliyonitumia juzi usiku niliiona. Ubao wa mafanikio ya wanafunzi na wahitimu wa idara yenu ya sayansi ya kompyuta, na chini yake maneno yako: “Mimi je, mjomba?” Ningekujibu palepale ningeishia kukubembeleza tu, ndiyo maana nimenyamaza siku mbili. Na nakuandikia hadharani kwa sababu najua si wewe peke yako uliyeusoma ubao huo ukarudi chumbani umenywea.

Nimeikuza picha nikasoma jina moja moja. Kuna timu iliyoshika nafasi ya tatu kwenye mashindano ya kuprogramu, kuna aliyepokelewa makala kwenye mkutano wa kitaaluma, kuna mhitimu aliyepata ufadhili wa uzamivu. Halafu karibu nusu ya ubao ni watu walioajiriwa na kampuni kubwa. Hapo, nikwambie kweli, nimekereka. Kazi ni riziki, na riziki hushukuriwa, lakini ubao wa chuo ungetuambia watu hao walitengeneza nini. Jina la mwajiri halinifundishi kitu.

Mashindano nayajua, nimepita huko. Watu watatu, kompyuta moja, saa tano. Ukitatua swali unaletewa puto, kila swali na rangi yake. Ukituma jibu bovu, ukija kulipatia swali hilo unahesabiwa dakika 20 za adhabu kwa kila kosa. Sisi swali moja lilitukatalia mara tatu. Mifano yote ya kwenye karatasi ilipita, lakini tukituma linarudi. Mwenzetu mmoja, ambaye kufikia saa hiyo alishavua viatu, akasema tuichapishe jumla hatua kwa hatua tuione kwa macho. Jumla ikapanda, ikapanda, mara ikawa hasi! Tulikuwa tumeiweka kwenye namba kamili ya biti 32 (biti ni sifuri au moja), ambayo kikomo chake ni 2,147,483,647. Ukiongeza moja tu juu ya hapo, inapinduka. Tukabadili neno moja, puto la zambarau likaja, na dakika 60 za adhabu juu yake. Hata kumi bora hatukuingia. Ila tangu siku ile siandiki jumla yoyote bila kujiuliza itafika wapi.

Sasa nikupe mwanafunzi mmoja ambaye ubao wowote ungemgombania. Mwaka 1951, pale MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, mwalimu Robert Fano aliwapa wanafunzi wake hiari: fanyeni mtihani wa mwisho au andikeni insha juu ya tatizo hili. Tatizo lilikuwa kutafuta namna fupi kuliko zote ya kuandika herufi kwa sifuri na moja. Hakuwaambia kwamba yeye mwenyewe alikuwa amelihangaikia bila kulimaliza. David Huffman akachagua insha, akasota miezi, akafika mahali pa kukata tamaa na kutaka kurudi kusomea mtihani. Hapo ndipo likamfungukia: waliomtangulia walikuwa wakizigawa herufi mafungu kutoka juu kwenda chini, naye akaanzia chini, kwenye herufi adimu kabisa.

Lijaribu kwa neno “hatakamata”. Lina herufi 10: a mara tano, t mara mbili, na h, k, m mara mojamoja. Kwa kuwa herufi ziko aina tano, ukizipa zote urefu sawa kila moja itahitaji biti 3, jumla 30. Mfuate Huffman: kila herufi ianze kama fungu lenye idadi yake, chukua mafungu mawili madogo kuliko yote, yaunganishe yawe fungu moja, rudia hivyo mpaka libaki moja; kila kuungana kunaiongezea herufi iliyomo biti 1. Utakuta a inatosheka na biti 1 na nyingine zinaweza kupata 3 kila moja. Jumla 20. Chukua kalamu uhakikishe, usiniamini tu. Njia hiyo ilichapishwa 1952, na mpaka leo imo ndani ya picha za JPEG na mafaili ya ZIP. Yule alikuwa anakwepa mtihani, mpwa wangu.

Kuna na la muda. Shafi Goldwasser na Silvio Micali walikuwa wanafunzi kule Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoandika kazi yao ya 1982 juu ya usimbaji fiche (kuuficha ujumbe asiusome asiyehusika) unaotumia bahati nasibu. Tuzo ya Turing, ile kubwa ya sayansi ya kompyuta, waliipata ya mwaka 2012. Katikati hapo wakaandika na Charles Rackoff makala juu ya namna ya kumthibitishia mtu jambo bila kumfunulia siri yake. Ilikataliwa zaidi ya mara moja kabla ya kupokelewa 1985. Kukataliwa hakubandikwi ubaoni.

Tuje kwako. Ulinieleza ile programu yako ya kupanga zamu za maabara: kwa wanafunzi 10 inakwenda vizuri, ikifika 13 inaganda, ukaona wewe si mtu wa fani hii. Kwa ulivyoieleza, inajaribu kila mpangilio mmoja baada ya mwingine. Watu 10 wana mipangilio 3,628,800. Watu 13 wana 6,227,020,800. Kompyuta yako haina ubaya, na wewe si mjinga. Umegongana na ukuta ambao fani nzima inaishi nao. Anza na mwanafunzi mwenye nafasi chache kuliko wote, mpangie huyo kwanza, na njia ikiziba mapema usiendelee nayo, rudi nyuma.

Nitumie hilo faili leo kama lilivyo. Usilisafishe kwanza, na yale maoni ya hasira uliyoyaandika katikati ya msimbo yaache humohumo.

Mjomba wako