Mdogo wangu uliyemsaidia baba hospitalini, asante

Sikuuliza jina lako, na hilo linanisumbua tangu Jumanne. Wewe ni yule kijana mwenye begi la shule uliyekaa na baba yangu kwenye benchi la kliniki ya masikio.

Baba alikwenda Vita vya Kagera akiwa mgambo, mwishoni mwa 1978. Alikaa karibu na mizinga miezi mingi bila kitu cha kuziba masikio, na mlio aliorudi nao kichwani 1979 haujanyamaza hadi leo. Vita vilipoisha alirudishwa kijijini kulima, kama mgambo wengi. Hana pensheni. Kila kipimo tunalipa wenyewe kwa kuchangishana ndugu, na inaniuma, maana nchi ilipowaita hawakuuliza watalipwa nini.

Siku ile jina lake liliitwa mara mbili dirishani, akapitwa na zamu kwa kuwa hakusikia. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya malipo. Wewe ukaenda kumwombea kwa muuguzi, ukachana karatasi ya daftari, ukaandika kwa herufi kubwa: BABU, SIMAMA, NI ZAMU YAKO. Ukamshika mkono hadi mlangoni, polepole, kwa mwendo wake.

Karatasi ile ameikunja, anaiweka mfuko wa shati pamoja na kadi ya kliniki. Wageni wakija anaitoa na kuwaonyesha. Mungu akutunze, mdogo wangu. Ukiyasoma haya, ujue mzee anakuulizia kila siku.