Heri ya Mwaka Mpya, na mkesha wa 1862

Ndugu zangu wa nyumbani na wa ughaibuni, heri ya Mwaka Mpya!

Naandika jioni ya tarehe 31, kabla hatujatoka kwenda mkesha. Nguo za watoto zimeshapigwa pasi, zimetundikwa mlangoni. Nikiona nguo za sikukuu namkumbuka bibi, ambaye kitambaa chochote kigumu cha rangi ya maziwa alikiita merikani. Jina hilo lilishuka Zanzibar na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, huko Marekani, walioleta majora na kuondoka na pembe za ndovu. Kitambaa kilifumwa viwandani kaskazini mwa Marekani. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa kusini.

Watumwa wale waliiogopa 1 Januari. Ndiyo siku madeni yalipodaiwa na watu walipokodishwa kwa mwaka mzima. Bwana akikopa, dhamana ni watu. Akishindwa kulipa, wanapigwa mnada. Harriet Jacobs, aliyezaliwa utumwani North Carolina, alisimulia habari za mama aliyewapeleka watoto wake saba mnadani siku ya Mwaka Mpya. Alijua baadhi watachukuliwa. Wakachukuliwa wote, na kabla ya usiku kuingia walikuwa mbali.

Kufikia 1860 watumwa walikaribia milioni 4, na pamba ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa Marekani ilizouza nje. Mali hiyo ilikuwa na nguvu ya kura pia. Katika kugawa viti vya bunge, na kwa hesabu hiyo kura za majimbo za kumchagua rais, katiba iliwahesabu watumwa watano kama watu watatu, na wao kura hawana. Katika miaka 36 ya kwanza ya urais, 32 ilishikwa na wenye watumwa kutoka Virginia, jimbo la kusini. Hili linaniuma kuliko hata habari za pesa: unahesabiwa ili aliyekufunga azidi kuwa na nguvu.

Usiku wa 31 Desemba 1862 watu weusi walikesha makanisani na majumbani, maana kesho yake tangazo la uhuru la Rais Lincoln lilikuwa linaanza kazi. Lilihusu tu majimbo ya kusini yaliyoiasi serikali yake. Utumwa ulikuja kufutwa kikatiba Desemba 1865. Hata hivyo, tarehe iliyokuwa ya machozi ilisubiriwa kwa nyimbo, na makanisa yao mengi hukesha hadi leo.

Shangazi na watoto wa huko Marekani, sisi tutatangulia kuuona mwaka. Mkiingia kanisani mtuombee, nasi tunawaombea. Mungu atujalie watoto wote waamke kesho pale pale walipolala.