Kwa vijana wa Scrabble: shikeni maneno pamoja na maana zake

Wanangu mnaocheza Scrabble ya Kiingereza, mchezo wa kuunda maneno kwa herufi ubaoni, huku Kiswahili ndicho kilichowalea,

Salamu nyingi. Kuna jambo ninaloliona kila ninapokaa kando ya ubao wenu, na limenikaa moyoni. Maneno mafupi yenye herufi adimu mnayakariri kama namba za simu. Qi, za, xu, zek. Yanaingia kichwani yakiwa matupu, na saa inapokimbia yanapotea. Ninachowaomba ni kimoja: kila neno mlishike pamoja na maana yake.

Alfred Mosher Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyeubuni mchezo huu miaka ya 1930, alihesabu herufi kwenye magazeti ili ajue ipi hutokea mara nyingi na ipi mara chache. Ndiyo maana kete za E, yaani vipande vilivyoandikwa herufi hiyo, ni 12, kila moja alama 1, ilhali Q, Z, J na X ni moja moja: mbili za kwanza alama 10, mbili za mwisho alama 8. Sasa uoneni mtego. Kete za U ni 4 tu. Anayeamini kwamba Q haitembei bila U ataishika mpaka mwenzake amalize, kisha akatwe alama 10 na mwenzake aongezewe hizo hizo.

Mazoea ya kuandika Q na U pamoja yaliletwa na waandishi wa Kinormani baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kabla yao, Waingereza waliandika neno la malkia cwen. Kwa hiyo mkikuta Q isiyofuatwa na U, jueni karibu kila mara kwamba neno hilo ni mgeni katika Kiingereza, na wageni wengi wa aina hiyo wametoka katika Kiarabu, chenye herufi yake ya qaf. Hapo ndipo ninapowashangaa mnapolalamika, maana maneno haya ni ndugu wa maneno yenu. Suq ni soko. Qadi ni kadhi. Talaq ni talaka, waqf ni wakfu, qibla ni kibla, faqir ni fakiri. Sisi tuliyapokea kwa K, Kiingereza kikayaandika kwa Q. Mchezaji asiyejua lugha yenu inambidi ayakariri moja moja. Ninyi mnayo tangu utotoni, ila hamkuwahi kuambiwa. Mkishika Q, pitisheni akilini maneno yetu ya Kiarabu yenye K. Si yote yaliyokubaliwa, hivyo hakikisheni kwanza katika orodha mnayoitumia, kwa sababu Amerika Kaskazini wana yao na sehemu nyingine nyingi za dunia hutumia ya Collins. Suq, kwa mfano, imo katika Collins, lakini katika ile ya Amerika Kaskazini haimo.

Qat ni miraa. Qi imetoka kwa Wachina, nayo ni ile nguvu ya uhai wanayosema hupita mwilini. Katika tahajia yao ya herufi za Kilatini, Q haihitaji U kabisa. Kaneno haka ka herufi mbili kana nguvu ajabu. Ukiiweka Q kwenye mraba wa kuzidisha alama za herufi mara tatu, ikasomeka qi kwa mlalo na kwa wima, unapata alama 62 kwa mkono mmoja.

Z nayo ina visa vyake. Zo ni mnyama aliyezaliwa na ng'ombe wa kawaida na yaki, yule ng'ombe wa manyoya marefu, huko milima ya Himalaya. Jina lake ni la Kitibeti, na waliolisikia waliliandika kila mtu kwa sikio lake, ndiyo maana Collins inakubali pia dzo, dso, zho na dzho. Ukijua kisa hicho, maneno matano unayabeba kama moja. Za ni pizza iliyofupishwa na vijana wa Marekani. Zek ni mfungwa wa kambi za kazi za Kisovieti; hilo nawasihi mlijue kwa heshima, kwa kuwa ni jina la watu walioteseka, ingawa ubaoni linaleta alama 16 tu.

X sitaichelewesha: ax, ex na ox mnazijua, xi ni herufi ya Kigiriki, xu ilikuwa sarafu ndogo ya Vietnam. J ikiwa mwisho wa neno, tazameni tena nje ya Kiingereza: haj ni hija, taj ni kofia ndefu, raj ni utawala. Jo ni mpenzi kwa Kiskoti.

Najua mtanijibu kwa Nigel Richards wa New Zealand, aliyetwaa ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kukizungumza Kifaransa. Ni kweli, na namheshimu sana. Lakini kumbukumbu ya namna ile amejaliwa yeye. Sisi wengine tunahitaji pa kushikia, na maana ndiyo pa kushikia. Tena maana inakulinda usikosee. Anayejua kwamba qua maana yake ni "kwa nafasi ya" hawezi kuibandika S, kwa kuwa neno hilo si jina wala kitenzi. Anayejua kwamba ax ni kukata kwa shoka, pamoja na kuwa shoka lenyewe, ataandika axed na axing bila wasiwasi.

Kuanzia sasa, kwenye daftari zenu kila neno liandikwe na maana yake kwa Kiswahili pembeni, na lugha lilikotoka. Kabla ya mazoezi, mmoja ataje maana, wengine walitafute neno. Na V isiwapotezee muda: haina neno la herufi mbili hata moja, basi itoeni mapema ubao ukiwa bado wazi.