Barua ya wazi kwa Meya wa Venice: tuhesabuni mabaharia kuwa wafanyakazi wa bandari yenu

Kwa Mheshimiwa Meya wa Jiji la Venice,
Ca' Farsetti, Venice, Italia.

YAH: NAULI YA BOTI KWA WAFANYAKAZI WA MELI ZA KITALII

Mheshimiwa Meya,

Salamu kutoka Likoni, Mombasa. Mimi ni mwanamke wa Pwani ya Kenya, na kazi yangu imekuwa usafi wa vyumba katika meli za kitalii zinazozunguka Bahari ya Adria. Barua hii naiandika kwa Kiswahili kwa sababu nataka wenzangu walioko melini, wa Mombasa, Kilifi, Tanga na Unguja, waisome kwanza na wanirekebishe kama kuna mahali nimewasemea visivyo. Tafsiri yake ya Kiitaliano nitaileta ofisini kwako.

Ombi langu ni moja, na nalitaja mapema: baharia anayeshuka kutoka meli iliyofunga gati katika bandari yako alipe nauli ya boti anayolipa mwenyeji, wala si nauli ya mtalii.

Leo mgeni akipanda vaporetto, boti ya abiria ambayo ndiyo daladala ya mji wako, analipa euro 9.50 kwa safari ya dakika 75. Tikiti ya siku nzima ni euro 25. Mkazi mwenye kadi yake analipa karibu euro 1.50. Sina ugomvi na tofauti hiyo. Mji wako wa kale umebaki na wakazi chini ya 50,000, ilhali mwaka 1951 walikuwa zaidi ya 170,000. Mama anayempeleka mtoto shule kwa boti hawezi kutozwa sawa na mtu aliyekuja kupiga picha akaondoka. Hiyo ni haki, na kama ningekuwa mzaliwa wa Cannaregio au Castello ningeipigania. Ninachouliza ni sisi tunaingia upande upi. Hatukuja kutalii. Tumeletwa na kazi, na kazi yenyewe tunaifanya ndani ya bandari yako.

Naomba nikueleze siku hiyo inavyokwenda. Mara nyingi Venice ndipo abiria wa safari inayoisha wanaposhuka na wapya wanapopanda. Kwa mgeni ni siku ya kusafiri. Kwa sisi wa vyumba ni siku nzito kuliko zote: mashuka yote yanatolewa, vitanda vinatandikwa upya, bafu zinasuguliwa, korido zimejaa masanduku, na kila chumba lazima kiwe tayari kabla abiria mpya hajafika mlangoni. Ukimaliza, huenda ukapata saa tatu au nne za kushuka. Wengine hawapati hata hizo, kwa kuwa kila meli inapokuwa gatini sehemu ya wafanyakazi hubaki ndani kwa ajili ya usalama, na zamu hiyo haina mjadala. Tena sisi tunatakiwa turudi mapema, muda mzuri kabla ya meli kung'oa nanga. Abiria akichelewa anahurumiwa. Mfanyakazi akichelewa anaweza kupoteza kazi.

Kwa hiyo kila dakika tunaihesabu, na hapo ndipo jiografia ya mji wako inapotubana.

Tangu tarehe 1 Agosti 2021 meli kubwa, zile zenye ujazo unaozidi tani 25,000 au urefu unaozidi mita 180, hazipiti tena mbele ya San Marco, uwanja mkuu wa mji wako, wala katika mfereji wa Giudecca. Zinaingia kwa mlango wa Malamocco, zinafuata mfereji uliochimbiwa meli za mafuta, na kufunga gati upande wa bara, Marghera. Nasema waziwazi: uamuzi huo naukubali. Nimesafisha vyumba kwenye meli za namna ile na najua ukubwa wake. Tarehe 2 Juni 2019 mojawapo ya meli hizo ilishindwa kujizuia ikagonga gati la San Basilio na boti ya watalii iliyokuwa imefungwa hapo, watu wakaumia. Wenyeji waliotundika vitambaa madirishani kuzikataa meli kubwa walikuwa wakitetea nyumba zao, na sisi wa melini hatukuwahi kuwaona kuwa maadui.

Ila meli ilipohamishwa, mabaharia nao walihamishwa. Zamani ukishuka Marittima, gati la awali la meli za kitalii, ulikuwa umeshafika ukingoni mwa mji, ukitembea kidogo uko Piazzale Roma. Sasa unashukia kati ya makontena, kreni na malori, na kwenye gati kama lile mtu haachiwi atembee kwa miguu atakavyo. Unasubiri basi. Mabasi ya kampuni yanapangwa kwa ajili ya abiria, na katika meli niliyofanyia kazi sisi tulipanda nafasi zikibaki. Basi linavuka daraja la Ponte della Libertà, karibu kilomita nne juu ya maji, mpaka Piazzale Roma, na hapo ndipo magari yanapoishia. Kutoka hapo ni boti au miguu.

Nakumbuka siku moja tumesimama hapo mbele ya mashine ya tikiti, mimi na dada mmoja wa Mtwapa aliyekuwa akifanya kazi ya kufua nguo. Vidole vyake vilikuwa vimekauka na kupasuka kwa sabuni na mvuke, hata kioo cha mashine hakikuvisikia mpaka alipovilowesha kwa ulimi. Akachagua lugha, akachagua tikiti, bei ikatokea. Akanyamaza akipiga hesabu: kwenda na kurudi ni euro 19, zaidi ya shilingi 2,500 za Kenya, na nyumbani kwake hela hiyo ni unga wa mwezi. Akabonyeza kufuta. "Dada, twende kwa miguu," akasema, na tukaenda.

Tulifuata vibao vya njano vilivyobandikwa kwenye kuta za nyumba, Per Rialto, Per San Marco, yaani kwenda Rialto, kwenda San Marco. Vibao hivyo ni msaada mkubwa, maana anwani zenu hazifuati mtaa bali eneo zima, na namba za nyumba zinakwenda hadi maelfu. Kila baada ya hatua chache kuna daraja, na kila daraja lina ngazi. Mtu aliyeamka usiku wa manane na kuinama juu ya bafu asubuhi yote anazisikia ngazi hizo magotini. Tulipofika Rialto tukatazama saa, tukageuka. San Marco hatukuiona. Wako wenzetu wengi ambao mikataba yao imekwisha, Venice wameiandika kwenye vitabu vyao vya ubaharia mara nyingi, na walichokijua ni Piazzale Roma na viti vya bustani ya Papadopoli iliyo ng'ambo ya kidaraja, ambako unaweza kukaa bure ukapiga simu nyumbani.

Mheshimiwa, huenda ukaambiwa kwamba baharia naye ni sehemu ya ule umati unaowaelemea wenyeji. Naomba utazame tunachokwenda kufanya. Tunatafuta dawa ya mgongo, laini ya simu, mahali pa kutuma pesa, sabuni na mafuta ya nywele, na chakula ambacho hakikupikwa kwa sufuria la watu elfu. Tunakwenda wawili wawili au mmoja mmoja, bila kiongozi mwenye bendera. Wengi wetu tungefurahi zaidi kupanda boti hadi Sant'Elena, tukakaa chini ya misonobari, kuliko kusukumana kwenye uchochoro wa Mercerie. Lakini Sant'Elena iko mwisho kabisa wa mji. Bila boti, kwa saa tatu, haifikiki na kurudi kwa amani. Nauli ya sasa ndiyo inayotubana sote kwenye njia ileile moja inayotembeleka kutoka Piazzale Roma, ambayo ndiyo tayari imejaa.

Nimezaliwa Likoni, kwa hiyo mambo ya kuvuka maji nayajua. Mombasa ni kisiwa. Anayetoka kusini kwenda mjini anavuka kwa feri, na anayevuka kwa miguu halipi chochote. Haulizwi kadi wala alikozaliwa. Baharia Mwitaliano akishuka kutoka meli iliyofunga Kilindini na akataka kuja upande wetu kula samaki, anapanda feri ileile na mama muuza mboga, bure kama yeye. Nchi yetu si tajiri kuliko yako. Ni kwamba watu waliona mapema kuwa mji wa maji ukimfungia mfanyakazi njia ya kuvuka, umemfungia mji wenyewe. Nami siombi bure. Naomba nauli ya mwenyeji.

Liko pia jambo la sheria. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Italia na Kenya zote zimeridhia, unasema baharia apewe ruhusa ya kushuka nchi kavu kwa ajili ya afya na ustawi wake, kadiri kazi yake inavyoruhusu. Unasema pia kwamba nchi yenye bandari ihakikishe huduma za ustawi zilizoko pwani zinafikika kwa urahisi. Kwenye karatasi ruhusa hiyo tunayo. Nahodha hajatunyima. Lakini ruhusa ya kushuka kwenye uwanja wa makontena, ukiwa na bei ya mtalii kati yako na mji, haimpumzishi mtu.

Utekelezaji wake si mgumu. Kila mmoja wetu ana kadi ya meli yenye picha, na kila mmoja ana kitabu cha baharia. Kabla meli haijafika, wakala wake ameshapeleka bandarini orodha ya majina ya wafanyakazi wote. Wakala huyohuyo anaweza kupewa tikiti za nauli ya mwenyeji za kuwauzia walio kwenye orodha, zinazotumika siku hiyo tu na kuisha saa meli inapoondoka. Hakuna mtalii atakayejipenyeza humo, kwa kuwa abiria hana kitabu cha baharia. Na hatutazijaza boti zenu: meli kubwa inaweza kuwa na wafanyakazi zaidi ya elfu moja, ila wanaoshuka kwa wakati mmoja ni sehemu ndogo tu, na tunashuka kwa zamu.

Ukisema kampuni za meli ndizo zilipe gharama, nami nitakuunga mkono. Zilipe. Najua ada za gati zinapangwa na mamlaka ya bandari na wala si Jiji. Lakini boti za abiria ni za Jiji, na hapo hakuna anayepaswa kusubiri mwingine. Mazungumzo na kampuni yanaweza kuendelea huku dada wa dobi ameshapanda boti.

Niongeze dogo. Vibao vya njano vinaonyesha upande wa kwenda lakini havisemi muda. Pale Piazzale Roma kikiwekwa kibao kimoja kinachosema kwamba Rialto ni kama dakika 25 kwa miguu na San Marco ni kama dakika 40, mtu mwenye saa tatu atajua mapema afike wapi na ageukie wapi. Kitawafaa hata abiria, ambao nimewaona wakirudi mbio, jasho likiwatoka, wamebeba viatu mkononi.

Na kwa wenzangu mtakaoshuka huko kabla jibu halijaja: ukiwa na saa tatu usiianze siku kwa vaporetto namba 1, inasimama karibu kila kituo. Tembea kwa Strada Nova hadi Santa Sofia, kisha vuka Mfereji Mkuu kwa traghetto, gondola ya kuvushia watu, kwa euro 2. Unashukia sokoni Rialto, na ukiwahi asubuhi utakuta ngisi, pweza na kamba wamepangwa juu ya barafu. Maji ya bomba za mitaani ni mazuri, jaza chupa yako. Usikae kula kwenye ngazi za San Marco, utatozwa faini. Na kugeuka, geuka nusu saa kabla ya unavyodhani inatosha.

Mheshimiwa Meya, msimu wa meli unapamba moto kuanzia mwezi wa nne. Naomba suala hili liwekwe mezani nauli zitakapojadiliwa tena, na naomba nijibiwe kwa maandishi, liwe jibu la ndiyo au la hapana. Nitalipeleka kwa wenzangu walioko melini, nao watalibandika kwenye ubao wa matangazo ulio nje ya chumba cha kulia cha wafanyakazi, karibu na orodha ya zamu, ambako kila mtu hupita.

Wako mwaminifu,
Mfanyakazi wa melini,
Likoni, Mombasa.