Modi Yenye Kidhibiti na Modi ya Kimakanika: Nani Anailinda Betri?

Wateja wanaotoka kwenye vifaa vidogo vya kuvuta mvuke, yaani sigara za kielektroniki, na kutaka modi, kifaa kikubwa zaidi cha kuvuta mvuke chenye betri za kubadilisha, hutuuliza ipi iliyo salama zaidi, yenye kidhibiti au ya kimakanika. Jibu letu ni kwamba kwa watu wengi ni ile yenye kidhibiti. Tatizo ni kwamba jibu hilo likitolewa peke yake humfanya mnunuzi aamini kuwa bodi ya umeme iliyo ndani ya kifaa, ambayo ndiyo kidhibiti chenyewe, itamlinda popote na kwa kila hali, jambo ambalo si kweli. Makala hii inahusu betri na umeme wake tu. Nikotini ina uraibu, na hakuna modi ya aina yoyote tutakayomuuzia mtoto au mtu ambaye havuti.

Modi ya kimakanika ni bomba la shaba, alumini au chuma cha pua lenye kitufe kwenye kitako chake. Ukibonyeza, kitufe husogea na kuugusa upande hasi wa betri, na mwili mzima wa bomba hugeuka kuwa waya unaopeleka umeme kwenye koili, yaani waya uliozungushwa unaopata moto na kugeuza kimiminika kuwa mvuke. Hakuna fyuzi wala saketi inayopima kitu. Wanaoipenda husema haiharibiki kwa kuwa haina bodi ya kuungua, na hapo tunakubaliana nao: bomba lililotunzwa vizuri hudumu kuliko mwenye kulinunua anavyotarajia. Lakini kila kazi ambayo bodi ingeifanya imebaki mikononi na kichwani mwa mtumiaji.

Kazi ya kwanza ni hesabu. Betri moja ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2, na mkondo unaotoka ndani yake ni volti hizo zikigawanywa kwa ukinzani wa koili. Koili ya omu 0.5 huvuta ampea 8.4, kiasi ambacho betri nzuri hukibeba bila shida. Koili ya omu 0.2 huvuta ampea 21. Ukishuka hadi omu 0.1 unaiomba betri ampea 42, ilhali betri nyingi bora za ukubwa wa 18650, yaani zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, zimetengenezwa kutoa kati ya ampea 20 na 30 kwa mfululizo. Neno la kuzingatia hapo ni mfululizo. Baadhi ya betri huandikwa kwenye ganda lake idadi kubwa ya ampea inayohusu mkondo wa muda mfupi tu, na mtu asiyejua tofauti hiyo hutengeneza koili kwa kuiamini namba isiyomhusu. Modi zinazopanga betri mbili moja juu ya nyingine ni hatari zaidi, kwa sababu volti hufika 8.4 na koili ileile ya omu 0.2 huvuta ampea 42 kupitia kila betri.

Jambo jingine ambalo wageni wa kimakanika hawalitarajii ni kwamba nguvu hupungua kadiri betri inavyoisha. Koili ya omu 0.2 inayotoa takriban wati 88 betri ikiwa imejaa hutoa takriban wati 61 betri ikishuka hadi volti 3.5. Mvuke hupungua, na mtumiaji huona dawa ni kutengeneza koili yenye ukinzani mdogo zaidi. Kisha anaichaji betri hadi ijae, anairudisha ndani, na koili iliyopimwa kwa betri iliyochoka inakutana na betri yenye nguvu zote. Aidha, hakuna kinachomzuia kuendelea kuvuta hadi betri ishuke chini ya volti 2.5, kiwango kinachoiharibu kwa ndani.

Kuna mteja aliyetuletea bomba lake akilalamika kwamba tangi jipya, yaani sehemu ya juu inayobeba koili na kimiminika, linapasha joto upande wa juu wa kifaa badala ya koili. Tulipofungua tulikuta ni bomba la aina ambayo tangi hukaa moja kwa moja juu ya betri, bila pini ya kati inayotenganisha. Katika aina hiyo, pini ya tangi lazima ichomoze kupita nyuzi za kufungia, yaani mistari ya skrubu, kwa sababu pini ndiyo chanya na nyuzi zinazoizunguka ni hasi. Ya kwake ilikuwa imelingana kabisa na ukingo wa nyuzi. Ukipitisha ukucha usingehisi mwinuko wowote. Ukingo ule ukigusa kichwa cha betri, umeme huiacha koili na kupita kwenye chuma, na hiyo ni shoti kamili kila kitufe kinapobonyezwa. Betri yake nayo ilikuwa imechanika ganda la plastiki karibu na kichwa, mchaniko mdogo kuliko punje ya mchele. Watu wengi hudhani hasi ya betri ni kitako peke yake. Ukweli ni kwamba kopo lote la chuma lililo chini ya plastiki ni hasi, kuanzia kitako hadi begani, na linatenganishwa na kichwa chanya kwa pete nyembamba tu. Ganda likichanika na kopo likagusa ukuta wa bomba, kitufe huwa kimepitwa, na koili huanza kuwaka bila mtu kubonyeza chochote. Mchaniko na ile pini vikikutana kwa pamoja, shoti haihitaji hata kidole. Tulimbadilishia ganda la betri, na lile tangi tukamshauri alitumie kwenye kifaa kingine.

Betri ikizidiwa hutoa gesi na moto, na bomba lisilo na matundu ya kupumulia huzuia gesi hiyo isitoke hadi shinikizo lilipasue. Idara ya zimamoto ya serikali ya Marekani, USFA, ilichapisha mwaka 2017 ripoti ya matukio 195 ya sigara za kielektroniki kulipuka au kuwaka moto nchini humo kati ya 2009 na mwisho wa 2016, ambapo watu 133 waliumia. Ripoti hiyo haikuwa na kifo hata kimoja, lakini vifo vilifuata: kimoja Florida mwezi Mei 2018, kingine Texas mwezi Januari 2019. Cha kutazama katika ripoti ile ni mahali kifaa kilipokuwa. Matukio 61 yalitokea kifaa au betri ya akiba ikiwa mfukoni, 60 wakati wa kuvuta, na 48 wakati wa kuchaji.

Sasa tuitazame bodi. Kabla ya kupeleka umeme, modi yenye kidhibiti hupima ukinzani wa koili, na ikikuta shoti au ukinzani ulio chini ya uwezo wake hukataa kuwaka na kuandika onyo kwenye kioo. Hukata umeme betri inapokaribia volti 3, hukata pia kitufe kikishikiliwa muda mrefu, mara nyingi sekunde 10, na nyingi hugundua betri iliyopachikwa kichwa chini. Mtu anaweza kukosea mara tatu kwa siku na kifaa kikamsahihisha mara zote tatu.

Hata hivyo hesabu haijaondoka, imebadilika sura tu, na hapa hata wazoefu hukosea. Katika modi yenye kidhibiti, mkondo unaotoka kwenye betri hauamuliwi na koili bali na wati ulizoweka. Ukiweka wati 80 kwenye modi ya betri moja, betri ikiwa imeshuka hadi volti 3.2, inatoa ampea 25, na ukiongeza upotevu wa umeme ndani ya bodi unakaribia 28. Kwa hiyo betri ya ampea 20 inazidiwa ndani ya kifaa tunachokiita salama, na inazidiwa zaidi inapokaribia kuisha, kinyume na kimakanika ambako hatari iko juu betri ikiwa imejaa. Kwenye modi za betri mbili, tunauza jozi mpya zinazofanana, na tunamwomba mteja azitumie na kuzichaji pamoja siku zote.

Na bodi hailindi betri ambayo haimo ndani yake. Betri ya akiba iliyowekwa mfukoni pamoja na funguo au sarafu haina tofauti na bomba lenye shoti, awe mwenyewe ana modi ya bei kubwa kiasi gani. Kwa sababu hiyo hatumruhusu mteja aondoke na betri isiyo kwenye kikasha cha plastiki, na kikasha hatukitozi. Anayesafiri kwa ndege akumbuke pia kwamba tangu 2015 kanuni za kimataifa za usafiri wa anga haziruhusu vifaa hivi kwenye mizigo inayoingia tumboni mwa ndege, wala kuvichaji ndani ya ndege. Hubebwa kwenye mkoba wa mkononi.

Modi za kimakanika tunazo, lakini hatumuuzii mtu kabla hajatufanyia hesabu ya koili yake mbele yetu na kutuonyesha kipima omu anachokitumia. Wapo waliokasirika. Mmoja alirudi baadaye na kipima omu, akapima koili aliyokuwa akiamini ni 0.3 na kukuta 0.14. Ukitaka tukukagulie kifaa chako, cha aina yoyote, kilete kikiwa na tangi lake, betri iwe nje ndani ya kikasha chake, na usiitupe hata ile iliyochanika ganda, kwa kuwa mahali ilipochanika hutuonyesha ni sehemu gani ya kifaa inayoikwaruza.