Habari za ami

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu Rukia,

Salamu nyingi, na watoto uwabusu. Uliponiuliza kwa simu ami amepatwa na nini, nilikujibu kuwa ni uzee tu. Alikuwa kaketi karibu yangu, sikuweza kusema. Uzee haumo kabisa.

Ami hakai tena barazani baada ya isha. Simu huizima, akaifunga kitambaa, akaitia ndani ya kasha la marehemu bibi. Wamkumbuka kwenye vikao vya maji vya mtaa, alivyokuwa wa kwanza kusimama? Haendi tena. Asema makachero wa jeshi wanaandika majina.

Kinachonitesa ni alikoyatoa hayo. Kuna kikundi cha Telegram ambacho mtu asiye na jina wala sura hujiita afisa wa ujasusi wa kijeshi, na ami humwamini kuliko sisi aliotulea. Awaogopa wapelelezi, na moyo wake wote kampa mtu asemaye kuwa yeye ni mpelelezi! Marekani yaliwafika hayo tangu Oktoba 2017, mtu wa kujiita Q alipoanza kuandika kama aliye ndani ya siri za dola. Watu walikosana na wazazi wao kwa ajili yake, na baadhi ya wafuasi wake walikuwamo bunge lao lilipovamiwa Januari 6, 2021.

Lakini siwezi kumwambia ami kuwa jeshi halipelelezi raia. Nitakuwa namdanganya. Januari 1970 Christopher Pyle, aliyekuwa kapteni wa ujasusi katika jeshi la Marekani, alifichua kuwa jeshi lilikuwa na makachero kiasi cha 1,500 waliovaa kiraia, wakiingia kwenye maandamano na mikutano na kuwafungulia watu mafaili. Aliandika kwa jina lake mwenyewe, akawatafuta waliofanya kazi hiyo watoe ushahidi, na mwaka 1971 seneta Sam Ervin akaisikiliza habari hiyo mbele ya kamati yake. Wala haikukoma. Mwaka 2005 ilijulikana kuwa katika kumbukumbu za Pentagon, wizara yao ya ulinzi, ziitwazo TALON, kuliandikwa kikao cha wanaharakati waliokutana katika nyumba ya ibada ya Waquaker, Wakristo wapingao vita, huko Lake Worth, Florida, kupanga namna ya kupinga jeshi kuandikisha wanafunzi. Kikao tu, Rukia, kama chetu cha maji. Kumbukumbu hizo zilifungwa 2007.

Kuna kesi yaniuma zaidi. Arlo Tatum, mpinga vita, na wenzake walilishtaki jeshi kwa upelelezi huo, na mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 5 kwa 4, ikasema hofu ya kujua kuwa jeshi linapeleleza haitoshi kumpa mtu kesi. Nikimtazama ami alivyonyamaza, yeye aliyeutetea mtaa mzima, naona haki ilikuwa kwa wale 4 waliopinga.

Juzi nilimsomea Ibara ya 31 ya katiba yetu, ile ya faragha, kisha nikamsimulia habari za Pyle. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Walimfanya nini?" Nikamwambia alikuja kuwa profesa. Akatikisa kichwa, akaenda kutawadha.

Ijumaa kuna kikao. Mpigie Alhamisi baada ya adhuhuri, ndipo huiwasha simu kusoma kikundi chake. Tafadhali usimbishie. Muulize tu maji yanatoka siku gani, na nani atakayewasemea watu wa mtaani.

Shogayo,
Mwanaisha